Tairi Juu, Ng'ombe Njiani

Jumanne, 8 Julai

Nimeosha pikipiki kabla ya kuosha uso. Kama kawaida. Nimekaza breki ya nyuma, nikaijaribu kwa mguu mara tatu. Anayenyanyua tairi la mbele bila breki ya nyuma anajichimbia kaburi. Hiyo ndiyo inayokurudisha chini ukizidisha. Vijana wengi hapa Mugumu hawajui, wanadhani ni nguvu za mikono.

Abiria wa kutosha. Wa mwisho mama mmoja na majogoo wawili, wakanichafua mgongo.

Saa kumi na moja jioni nikaenda kwenye kile kipande cha lami nje ya mji. Gia ya pili. Klachi ndani, mafuta, klachi nje. Likapanda. Kuna mahali pikipiki inakuwa haina uzito. Haitaki kwenda mbele wala kurudi nyuma, imekutulia mikononi kama mtoto aliyelala. Nilifika hapo. Nguzo nne za umeme bila kushuka. Watoto wa shule wakapiga kelele, Mnara! Mnara! Ndilo jina langu barabarani. La nyumbani ni Marwa, lakini huku hakuna wa kuliita.

Nimekula mkate na chai. Nimezima redio, watu walikuwa wanacheka mno humo.

Ijumaa, 11 Julai

Bhoke amepiga simu kutoka nyumbani Kemambo. Wakwe wamekubali. Ng'ombe wanakuja mwanzoni mwa Agosti.

Bhoke ni mdogo wangu, wa tumbo moja. Mama alituacha wawili tu, na baba akaoa mwingine. Kwetu Wakurya kaka anaoa kwa ng'ombe wa dada yake. Kwa hiyo ng'ombe wa Bhoke ni wangu. Wataingia zizini kwa baba, watapumzika kidogo, kisha watatoka kwenda kwa baba yake Ghati.

Ghati ni fundi cherehani hapa sokoni. Amenisubiri miaka miwili. Baba yake amechoka na maneno yangu, anataka kuona kwato.

Nina miaka thelathini na nne. Niliotahiriwa nao wana watoto wanaochunga. Mimi nina pikipiki.

Nimefurahi mpaka nimeshindwa kulala mchana.

Jumapili, 13 Julai

Ghati amekuja kunipima shati la siku hiyo. Akaweka utepe begani, akaandika namba kwenye kiganja chake. Akaniuliza, ukiwa juu vile unaona nini mbele? Nikacheka.

Ukweli ni kwamba huoni kitu. Tairi na taa vinaziba barabara yote. Unaona mbingu, na njia unaikumbuka tu. Sikumwambia.

Alikaa nusu saa. Alipoondoka chumba kikawa kikubwa.

Jumatano, 23 Julai

Kijiweni wamejua. Wanataka twende wote Kemambo kuwapokea ng'ombe kwa pikipiki. Siku hizi ndiyo heshima. Harusi bila bodaboda watu wanauliza kama kuna msiba. Nimewaambia twende.

Nikampigia baba. Shikamoo, marahaba, kisha akanivamia. Hao ng'ombe wameshakimbizwa na pikipiki, anasema. Mwaka jana waliibwa, wezi wakawaswaga kwa pikipiki usiku kucha siku mbili kabla hawajakombolewa. Tangu hapo wakisikia injini karibu wanatoka mbio. Anataka pikipiki zote zizimwe mpaka ng'ombe waingie langoni. Nikasema ndiyo baba.

Mzee anaogopa kila kitu. Ng'ombe wa Mugumu wanalala katikati ya barabara, ukipiga honi wanakutazama kama umewakosea adabu. Ng'ombe ni ng'ombe.

Ijumaa, 1 Agosti

Niko nyumbani. Nimelala chumba cha zamani. Mama mdogo ameweka magunia ya mahindi humo, nimesukuma mawili nikapata pa kulala. Hakuna aliyesema pole na safari, isipokuwa Bhoke.

Bhoke ananawiri. Ameniambia anampenda huyu mtu. Bhoke si mtu wa kusema hivyo, alisema huku anatazama sufuria. Kisha akasema, nawe upate mtu wa kukupikia, niwe na pa kwenda. Maana dada akigombana huko alikoolewa, hakimbilii kwa mama mdogo. Anakwenda nyumba ya kaka yake, iliyojengwa kwa ng'ombe wake. Humo hata sufuria anachukua bila kuomba.

Kesho.

Jumamosi, 2 Agosti

Mguu umevunjika. Ng'ombe watano wamekufa. Ni mimi.

Jumanne, 5 Agosti

Hospitali. Wamenifunga plasta mpaka pajani. Nitaandika yote mara moja, halafu basi.

Ng'ombe walivuka daraja la Mto Mara asubuhi, kumi na wawili, wanaume wanne wa upande wa bwana harusi wakiwaswaga kwa miguu. Sisi tulikuwa pikipiki saba chini ya mteremko, zimezimwa. Nilitimiza ahadi hadi hapo. Ng'ombe wakatokea kwenye kona. Wazuri. Mwekundu mmoja mtamba alitangulia, shingo juu. Nikawaza, huyo ndiye atakayeingia wa kwanza kwa kina Ghati.

Wanawake wakaanza vigelegele. Watu wakaanza kuita Mnara, Mnara. Wazee wa nyumbani ambao hawajawahi kunisalimia bila mimi kuanza, walikuwa wananitazama. Nikajiambia mmoja tu, mfupi, nawapa mgongo ng'ombe, nashuka na barabara, nazima. Sikio la kufa.

Nikawasha. Nilikwenda mbali nao kweli. Kisha nikageuka, kwa sababu kule nilikokwenda hapakuwa na watu wa kuniona. Hapo ndipo palipokuwa na kosa. Nilinyanyua nikiwaelekea.

Likapanda kuliko siku zote. Mbingu tu. Nikafika pale pasipo na uzito, nikakaa. Nikasikia mtu ananiita Marwa. Si Mnara, Marwa. Alikuwa Bhoke, amesimama langoni. Nilidhani ananishangilia.

Nilikuwa na furaha. Hilo nitaliandika kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Wakati ule ng'ombe walikuwa wameshageuka wanakanyagana, na mimi nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo.

Niliposhusha tairi mtamba mwekundu alikuwa mita mbili. Nilimgonga ubavuni. Pikipiki ikanilalia mguu. Wengine wakakata shambani, kule kwenye mashimo ya zamani ya wachimbaji ambayo hayakufukiwa. Wanne wakatumbukia shimo moja. Niliwasikia wakilia humo nikiwa nimelala barabarani, hadi watu walipoleta mapanga.

Nyama iligawanywa mchana ule ule. Wapita njia walipata. Hata wenzangu wa kijiweni walifunga vipande kwenye mifuko, wakavitundika kwenye usukani. Siwalaumu, nyama ni nyama. Bhoke hakula.

Alhamisi, 7 Agosti

Aliye kitanda cha jirani ana watu sita wanaomtazama. Muuguzi ameniuliza nani analeta chakula changu. Nikasema wako njiani.

Jumapili, 10 Agosti

Kijana mmoja wa kijiweni amenichukua kwenye bajaji mpaka Kemambo. Kila shimo la barabara nililisikia mfupani. Wazee wa ukoo walikaa. Nilikalishwa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mguu mbele kama mpini.

Wakwe walisema wao wamefikisha. Ng'ombe walionekana na watu wote wakaharibiwa na mtoto wa nyumba hii, kwa hiyo wote kumi na wawili wahesabiwe. Baba akasema ng'ombe ambaye hajapita langoni kwake si wake. Na kweli ndiyo desturi. Na kweli wakwe nao wana haki. Kwa muda wa saa tatu walizunguka hapo hapo. Mwisho mkubwa wa wakwe akasimama, akachukua fimbo yake, akasema basi wanawaswaga saba waliobaki warudi nao, na binti abaki kwao.

Nilimtazama Bhoke. Alikuwa mlangoni pa jiko, ameshika mwiko, hakulia. Mchuma janga hula na wa kwao. Huo msemo niliufundishwa darasa la tano na sikuwahi kuuona ukiwa na uso.

Nikaomba kusema. Nikasema waliokufa wahesabiwe wameingia. Wawe fungu langu.

Baba akaniuliza kama ninajua ninachosema. Nikasema ninajua. Akasema, sawa mura, kijana wangu, lakini mtu hagawiwi mara mbili. Hawa saba ni wa wadogo zako wa mama mdogo. Wako umeshawala.

Mkwe akarudisha fimbo chini. Wakapeana mikono. Hakuna aliyenipa mimi.

Jumamosi, 16 Agosti

Bhoke ameondoka. Pikipiki haikuwepo hata moja, walikodi gari dogo. Nilikuwa nimekaa kando ya lango na magongo. Alishuka tena garini akaja akanifunga kamba ya kiatu, cha ule mguu mzima. Nilitaka anitukane.

Alhamisi, 28 Agosti

Chumbani Mugumu. Ghati amekuja. Amesimama mlangoni, hakukaa.

Baba yake amekubali mtu mwingine, mwenye duka upande wa Genkuru. Ng'ombe wapo, hawasubiri dada wa mtu. Nikamwuliza yeye anasemaje. Akasema amesubiri miaka miwili, na angeweza kusubiri mwingine kama wangekufa kwa ugonjwa au kwa ukame. Kisha akasema, wewe ulikuwa unatafuta makofi, Marwa. Mimi mikono yangu miwili haikukutosha.

Ameacha shati. Limenitosha sawasawa. Nimelivua.

Jumatatu, 15 Septemba

Hakuna jipya. Nimeota uji ukimwagika. Nimelala sana.

Kijiweni wananipitia siku moja moja. Wanaongea na mguu, siyo na mimi. Wanauliza unaendeleaje huu, unakunjika huu. Wakitoka nawasikia wanacheka nje na kuwasha pikipiki. Sijui nilikuwa nikidhani wao ni nani kwangu. Tulikaa pamoja kwenye kivuli miaka sita na sijui mmoja wao anatoka kijiji gani.

Jumanne, 21 Oktoba

Plasta imetoka tangu wiki iliyopita. Mguu umekonda, una rangi ya kuni. Fundi amenyoosha usukani.

Leo nimekwenda kwenye lami. Nilijiambia naenda kujaribu breki tu. Mwongo. Hapakuwa na watoto wa shule, hapakuwa na mtu. Gia ya pili. Likapanda. Nguzo moja, nikashusha.

Bado ni tamu. Nilitumaini itakuwa imechacha. Nimekaa pembeni ya barabara nikalia, si kwa sababu ya ng'ombe wala Ghati. Kwa sababu ilikuwa tamu.

Jumatatu, 27 Oktoba

Bhoke amepita, ametoka kliniki. Ana mimba. Amekuta sijapika, akawasha jiko mwenyewe. Alitafuta mwiko, nikakumbuka sina. Amesonga ugali kwa kijiko. Tulikula, akaosha vyombo viwili, akasema shemeji yangu anamngoja stendi.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Nilitaka kumwambia asigombane na mumewe. Ningeanzaje?

Kijiwe kimenipa jina jipya. Sasa ni Ng'ombe. Nimeitika.

Jumamosi, 29 Novemba

Nilipata abiria wa Genkuru, mzee wa makamo na begi lake. Mvua ilikuwa imenyesha, vumbi limelala. Nilikwenda taratibu.

Baada ya daraja tukakuta ng'ombe wengi wanakuja kutoka huko huko tunakokwenda, wameijaza barabara. Nikazima nikiwa bado mbali. Walisimama kunywa maji kwenye dimbwi, kisha wakaja upande wetu, wakatuzunguka. Nikaweka miguu yote miwili chini. Walipita huku na huku. Mmoja akanusa goti langu, lile bovu. Wana joto. Nilikuwa nimesahau kwamba ng'ombe akipita karibu unaliona joto lake.

Mchungaji mmoja akanisogelea, akashika mkono wa usukani kama mtu anayeshika bega. Asante kwa kuzima, mura, akasema. Wengi hawazimi.

Nikamwuliza wanawapeleka wapi. Akasema ni mahari, wanakwenda kwa baba yake binti mmoja fundi cherehani, alikuwa anashona pale soko la Mugumu. Ghati. Labda unamfahamu.

Nikasema nimewahi kushonewa shati.

Wakawaswaga. Walikwenda vizuri, hakuna aliyekimbia. Wakaishia kwenye kona na kengele yao moja. Kisha hata kengele sikuisikia.

Yule abiria akanigusa mgongoni. Akasema wameshapita muda mrefu, kijana, washa twende.