Kijiko cha Mafuta, Kijiko cha Sukari

Jumanne, 5 Machi

Leo nimeitwa kliniki kama mwizi wa kuku. Watu wa mradi mpya wa lishe walipita shuleni wakawapima watoto wote, na wangu akarudi na agizo: mzazi afike. Nikamwomba dobi ruhusa. Akanuna — nguo za hoteli zimejaa mpaka mlangoni na mpiga pasi ni mimi peke yangu. Nikaenda hivyo hivyo, shati limebaki mkono mmoja haujapigwa pasi.

Nesi wa lishe ni binti mdogo, kucha safi, sauti ya upole. Upole ule ndio ulionikera. Anasema Kijiti kanenepa kupita kiasi, presha yake ya miaka kumi ni kama yangu mimi, na sukari imepanda. Bado si ugonjwa, mama, lakini iko mlangoni inabisha hodi. Yote hayo mbele ya mtoto! Kijiti kakaa pale anavuta sketi ifike magotini. Haifiki.

Kijiti! Jina tulimpa alipokuwa na miaka miwili, mkono wake ungepita kwenye bangili ya mwanasesere. Shuleni siku hizi wanamwita Tingatinga. Nyumbani bado ni Kijiti, na mgeni akilisikia hilo jina akacheka, natamani kumrushia kiatu.

Nikaulizwa anakula nini asubuhi. Uji, nikasema, na kijiko cha mafuta na kijiko cha sukari. Jioni vilevile. Nesi akaacha kuandika. Nani alikufundisha hivyo, mama?

Nyie! Hapa hapa! Alipolazwa kwa utapiamlo, akina mama wa mradi walinikalisha wakanionyesha: kijiko cha mafuta, kijiko cha sukari, usiruke hata siku moja. Na mtoto akapona. Basi sijaruka.

Akasema ule ulikuwa mradi mwingine, walishaondoka zamani.

Waliondoka! Mtu akiondoka si anaaga? Si angesema, mama fulani, sasa basi, inatosha? Picha yao bado iko ukutani juu ya benchi la kusubiria. Ni mwanangu yule, mashavu yamejaa, anacheka, kikombe cha uji mikononi. Miaka yote nikipita pale nainua kichwa. Leo nimepita naangalia ndala zangu.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Mimi nilisikia, jamani. Nilishika neno kwa neno. Mbona guu ni langu?

Jumatano, 6 Machi

Nimeyarudia maagizo kichwani kutwa nzima, pasi mkononi. Soda hapana. Biskuti hapana. Mafuta tone tu. Mboga kila siku. Acheze nje. Na maji — hapo nesi alirudia mpaka nikadhani mimi kiziwi — maji, maji, anywe maji mengi badala ya soda.

Haya. Acheze nje wapi? Dirisha langu linatazama barabara ya malori ya saruji. Uwanja wameuzungushia mabati, malori yanalala mle kama waheshimiwa, watoto wanachungulia kwenye matundu. Mwaka jana mtoto wa fundi cherehani alikimbilia mpira. Sitaki kuandika. Tangu siku ile Kijiti akitoka shule anapanda juu, anajifungia kwa ndani, na asifungue mpaka asikie sauti yangu. Ili akae namwachia biskuti na soda. Huo ndio ulinzi wangu, sina askari mwingine.

Na mboga? Duka la chini ya ngazi lina biskuti za kila rangi, mkate, mafuta ya kupima, soda za baridi. Mboga ziko sokoni ng'ambo ya reli. Nikitoka kwa dobi wauza mboga wameshalala na majani yao.

Sawa. Nitapita alfajiri. Nikiambiwa kitu nafanya, ndivyo nilivyo.

Jumamosi, 9 Machi

Nesi alimpa Kijiti kamba ya kuruka. Tumesogeza kitanda, tumesimamisha meza ukutani, mtoto akaanza. Lo, alivyofurahi! Sijamwona na jasho la kucheza tangu lini?

Hajafika mbali, mwenye nyumba huyo kapanda ngazi, kikombe mkononi, vumbi la dari limeelea juu ya chai. Nyumba yake si kambi ya jeshi, anasema. Kama mtoto anataka kuruka akaruke uwanjani. Nikamwuliza uwanja upi. Akasema hayo si yake, yake ni dari.

Kijiti kakunja kamba, kaiweka chini ya godoro. Ningependa angelia.

Jumapili, 10 Machi

Mama yangu kaja na mkate na jamu chini ya kanga. Nimemkatalia. Vita! Eti namuua mjukuu wake kwa njaa. Eti nimesahau. Alisema alishaanza kutafuta sanda ya yule mtoto, kwa mikono yake mwenyewe, na leo nampokonya mkate?

Sijasahau. Nitasahauje? Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi na Mama tuliumwa na nyoka mmoja, basi tunashtuka wote wawili, na mtoto kati yetu anatutazama.

Jumatatu, 18 Machi

Nimempiga.

Nimerudi nimekuta kopo la sukari limelambwa, midomo yake inang'aa. Kofi moja. Hakulia. Aliniuliza swali: Mama, si unasema nilipokuwa mwembamba nilikaribia kufa? Sasa mbona unataka niwe mwembamba?

Nikawasha jiko. Nilikuwa sina la kupika, nimewasha tu nipate pa kugeuzia uso.

Ee Mungu, nimechoka. Natembea alfajiri kutafuta majani, nasimama kutwa kwenye mvuke, narudi kugombana na mtoto mwenye njaa. Na njaa yake mimi ndiye niliyeilea.

Jumapili, 7 Aprili

Sijaandika siku nyingi. Leo naandika kwa mkono mwepesi.

Ameanza kusikia! Maji, mwenyewe, bila kusukumwa. Kopo juu ya kopo. Akitoka shule maji, kabla ya kula maji, akiamka maji. Soda hata haitazami. Jana msukuma mkokoteni anayetuletea madumu ya maji kanitania: mama, umefuga ngamia huko juu? Nikacheka, nikamwambia alete dumu jingine.

Na sketi! Ile iliyokuwa haifungi sasa inazunguka kiunoni, nimeitia pini. Shingo imetokea. Namtazama usingizini naona kumbe ana taya kama za marehemu baba yangu.

Kimoja tu — anakojoa sana, na juzi kakojoa kitandani. Miaka kumi! Aliona aibu mpaka akataka kufua shuka mwenyewe. Nikamwambia usijali mwanangu, ni yale mafuta yanatoka hayo. Akacheka. Tukacheka wote.

Mama hacheki. Anasema macho ya mtoto yameingia ndani. Namwambia, Mama, unataka tena mashavu?

Alhamisi, 11 Aprili

Nesi kapiga makofi! Kasimama mbele ya foleni nzima, mizani inaonyesha, akasema tazameni, huyu mama ni mfano. Nani kama mimi leo? Anasema uzito umeshuka kuliko alivyotarajia. Wiki ijayo atakuja mpiga picha, wapige ya sasa waibandike kando ya ile ya zamani. Mwanangu mara mbili ukutani!

Vya kupimia sukari vimeisha, tutapimwa siku hiyo ya picha. Foleni ilikuwa mpaka getini, sikutaka kumchosha binti wa watu kwa maswali.

Kurudi, Kijiti alikaa chini njiani. Tukaenda, akakaa tena. Miguu mizito, anasema. Nikamwambia hayo ndiyo mazoezi, jikaze, umebakiza kidogo. Nilimnunulia maji.

Jumamosi, 13 Aprili

Hataki kula. Katapika mara mbili. Analala tu. Tumbo linamuuma.

Mama anasema ni njaa, mpe uji wenye mafuta. Nimegoma. Nimempa maji kidogo kidogo, hayo hayakatai.

Pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva yakapitiliza. Sijui kala nini. Dobi kapiga simu kuuliza mashuka ya hoteli. Nimemwambia mtoto hajisikii vizuri, akasema watoto ndivyo walivyo.

Jumapili, 14 Aprili

Tuko kliniki. Naandika kwa sababu nikiacha nitapiga mayowe, na humu kuna mtoto mchanga kalala.

Asubuhi nimemwita hakufumbua macho vizuri. Anahema. Kalala chali, hajatembea hatua, anahema kama aliyepanda ngazi mbio na mizigo. Nikampigia nesi. Akaniuliza moja tu: anakunywa maji sana?

Nikajibu kwa fahari — haki ya Mungu, kwa fahari! Sana, nikasema, kama ulivyoniagiza.

Sauti iliyojibu si ile ya upole: na kukojoa? Tangu lini? Mama, mbona hukuniambia? Mlete. Mlete sasa hivi, nami nakuja.

Hukuniambia! Ningesemaje? Nilidhani tumefaulu.

Sikuweza kumbeba. Alipokuwa wa miaka miwili nilimleta hapa mgongoni, natembea peke yangu, hata sikuhisi mzigo. Leo Mama kashika miguu, mimi mabega, tumekwama kwenye kona ya ngazi. Mwenye nyumba katoka. Nikajua sasa atasema dari. Kumbe kaweka kikombe chini, kashika kiuno cha mtoto, tukashuka. Msukuma mkokoteni alipotuona kayamwaga madumu yake yote barabarani, tukamlaza mtoto kwenye mkokoteni. Malori yamesongamana, dereva mmoja anapiga honi, Mama kasimama mbele ya lori, kanga imeanguka, anamtukana mpaka akarudi nyuma. Mama yangu! Miaka yote sijamsikia akitukana.

Nesi kafika kabla yetu, kavaa nguo za ibada. Kamdunga kidole. Kile kidude hakikutoa namba, anasema sukari imepita mwisho wa kipimo, ndiyo iliyomtia kiu na kumkondesha. Dawa yake hapa hakuna. Hospitali kubwa. Katoka mbio kumtafuta dereva wa gari la wagonjwa, ameniambia kaa naye, usiondoke. Mama kaenda naye. Mhudumu wa zamu kajifungia chumba cha wazazi, mtu anajifungua mle.

Kwa hiyo ni sisi wawili. Benchi ni lile lile. Kichwa chake kiko mapajani pangu, na juu yetu yeye huyo huyo anacheka na kikombe cha uji. Pembeni ya picha tayari wamegongomea msumari wa ile nyingine.

Nimemwita Kijiti. Hajajibu. Nimemwita jina lake la kweli. Kafumbua jicho moja.

Anasema kitu. Nimeinama.

Maji, Mama.

Chupa ninayo. Niliijaza mwenyewe, nimekuja nayo kwenye mkokoteni. Nesi hakusema nimpe. Hakusema nisimpe. Nimegonga mlango wa wazazi, hakuna anayefungua. Nimeita huku na huku. Midomo yake imekauka, imepasuka. Maji, Mama. Kifuniko nimeshakifungua, na hakuna mtu wa kuniambia —