Waniletee Mama Zao Niwanyoe

Mugisho, mwanangu,

Ni mimi mama yako. Ninaandika polepole, unajua shule yangu iliishia darasa la tatu, na wewe ndiye ulikuwa unaniandikia bei kwenye ubao wa saluni. Ubao bado uko. Bei zimepanda lakini sijafuta, kwa sababu ni mwandiko wako. Wateja nawaambia kwa mdomo.

Nina hasira, baba. Sitaki kukudanganya eti ninalia tu.

Kile kilima wamekiacha. Umesikia huko uliko? Kile mlichopanda kwenye ile operesheni kubwa, ile waliyosema ni ya mwisho, ikiisha hiyo vita imekwisha, kila mtu arudi kulima shamba lake. Redio ikaimba. Huku ugenini, hapa Jules Street, watu wakapiga vigelegele mbele ya duka la samaki, na mimi nilipiga, sikujua umeshakufa. Kisha mkubwa wako jeshini akanipigia: "Mama, mushangilie, tumeshinda. Kijana wako alibaki mbele." Mbele wapi? Mtu akibaki mbele si anafuatwa? Akasema mtandao mbaya, akakata.

Hata mvua za msimu ule hazijaisha, jeshi likashuka, waasi wakapanda tena wakakaa. Sasa niambie, ulikufia nini? Umelala kwa nani?

Nilinyoa kichwa. Wamama wa kanisani wakanijia juu: "Mama Mugisho, hujaona maiti, unanyoaje? Utamwitia kifo!" Mwingine akacheka: "Msusi mwenye kipara, nani atakupa kichwa chake?" Nikanyoa. Kwetu mama akifiwa ananyoa. Na nywele zako wewe... Siku unaondoka nilikukata hapa hapa kwenye kiti, pale nyuma penye mizunguko miwili panaposumbua mashine. Ukasema, "Mama, utanikata sikio kabla ya waasi." Nikazifagia pamoja na za wateja. Ningejua ningeweka kidogo, nipate kitu cha kuzika.

Mwaka ule wenyeji walipotufukuza sisi wageni na marungu, ulijificha na dada yako Neema nyuma ya mashine za kukaushia nywele. Kesho yake ukavaa yunifomu yako ya ulinzi, ukaenda kazini, ukarudi ukasema, "Mama, hapa nalinda duka la mtu asiyenitaka. Acha nikalinde kwetu."

Sasa sikiliza. Mwenyekiti wa jumuiya yetu, yule anayevaa miwani myeusi hata ndani ya kanisa, alikuja saluni. "Mama Mugisho, Jumapili utasimama kama mama wa shujaa. Kuna vijana wanarudi nyumbani kuingia jeshini, operesheni nyingine inaanza. Uwape baraka." Operesheni ya wapi? "Ya kilima kile kile." Alisema hivyo bila haya! Mwanawe anasoma chuo pale Doornfontein. Nikamuuliza, naye anaenda? "Yule ana mitihani, mama."

Eish, Mugisho. Mitihani!

Neema alinivuta mkono, "Mama, yeka," kwa Kizulu chake hicho, yaani acha, nisiende. Nikaenda. Nilijifunga kichwani kile kitenge cha kijani ulichonitumia kutoka Goma. Vijana walikuwa wamepangwa mstari mbele, hata Olivier wa Joubert Park, mliyekuwa mkigombania naye mpira. Mwenyekiti akaniita. Nikafungua kitenge, kanisa zima likaona kichwa changu.

Nikasema: "Baraka sina. Nina mashine ya kunyolea. Kila anayekwenda, kesho aniletee mama yake nimnyoe, bure, mapema, asihangaike siku ile atakapopigiwa simu ya mtandao mbaya. Na wewe mwenyekiti, niletee mama wa yule mwenye mitihani, nianze na yeye."

Mama Olivier akatoka kwenye benchi, akamshika mwanawe sikio kama mtoto mdogo, akamtoa nje. Hata nilipowakuta kwenye robot, taa za barabarani, wakingoja kuvuka, alikuwa bado anamfokea: "Ng'ombe wewe! Unataka kunimaliza?" Olivier ameinamisha kichwa, mrefu vile.

Wengine walikwenda. Sikufichi. Walipanda basi Park Station na mama zao hawakuja saluni. Mwenyekiti amekataza watu wasisuke kwangu. Wanakuja, wanapitia mlango wa nyuma.

Basi ulale, baba. Ulale hata kama juu yako kuna hema la sijui nani. Nakuahidi hivi: nywele zikiota nitazinyoa, zikiota nitazinyoa, mpaka mmoja wa hao wenye nyota mabegani aniambie kwa mdomo wake ni upande gani wa kilima walikokuacha. Siku hiyo nitaziacha ziote. Neema anajifunza kusuka, bado anavuta sana, lakini ni yeye atakayenisuka.

Na ubao wako sifuti.

Mama yako