Oili ya Kopo Moja

Jumatatu, 3 Machi 2025

Gari linalia nyuma. Lilianza karibu na Isinya, nikirudi nyumbani Kitengela kutoka kuripoti kesi kortini Kajiado. Kilomita themanini kwa saa – mvumo mwembamba, kama mtu anayeimba wimbo wa kanisa bila kufungua mdomo. Nikikanyaga mafuta unapanda. Nikiachilia unapotea. Nimejaribu mara sita. Mara sita ni vilevile.

Kabla ya klachi mpya hakukuwa na sauti. Klachi iliwekwa Alhamisi na Ishmael, fundi wa pale yadi ya kutengeneza magari. Ili kuitoa ni lazima ufungue propela, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya injini nyuma, na propela imefungwa kwenye difu, meno yanayozungusha magurudumu ya nyuma. Kwa hivyo mikono yake ilifika huko.

Naandika tu. Simshuku mtu bado.

Nadanganya. Namshuku.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi nimeanza na vitu rahisi. Tairi: nimepeleka za nyuma mbele. Sauti imebaki nyuma. Beringi: nimepiga jeki, nikazungusha kila gurudumu kwa mkono. Laini. Kimya. Imebaki difu.

Mchana, nikiegesha pale bunge la kaunti, nikakata kona kali. Ka-ka-ka-ka! Askari wa geti akasimama. "Madam, hii gari yako imekula nini leo?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, kidogo.

Difu yangu si ya kawaida. Ni ile mafundi wanaita LSD – ndani kuna sahani zinazoshikana ili magurudumu yote mawili ya nyuma yasukume pamoja. Ndiyo inafanya gari la spoti liwe gari la spoti. Vijana wa mashindano ya Jumapili wanaitafuta kama dhahabu. Mtu akikutolea nzuri akuwekee kuukuu, utasikia nini? Utasikia ninachosikia mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Yadi, saa tatu asubuhi. Ishmael ameendesha nami hadi kwenye reli na kurudi. Akazima injini. Kisha: "Hii ni oili, madam. Si chuma."

Oili! Hapa Kitengela mteja mwenye akili huja na oili yake mwenyewe, huketi kwenye stuli aone ikimwagwa, kisha huondoka na kopo tupu lisije likajazwa uchafu na kuuziwa mwingine. Nilifanya yote matatu. Kopo la lita nne, nilinunua Namanga, lilikuwa na lakiri yake. Ya giaboksi. Giaboksi ilikunywa chini ya lita tatu. Iliyobaki nikamwambia amwage ya zamani ya difu, aweke hii. Sikutaka kumwachia hata kijiko.

Nikamwambia oili ilikuwa mpya. Akasema mpya ndiyo, lakini si ya difu.

Nikamuuliza wazi: umebadilisha difu yangu?

Akaweka spana chini. "Madam, niko hapa miaka kumi na moja."

Hilo si jibu. Nimehoji madiwani wa kutosha kujua jibu lisilo jibu. Na fundi anayelaumu oili ya mteja ana sababu yake.

Ijumaa, 7 Machi

Barua kwa Kahiga, mwenyekiti wa yadi. Kurasa mbili. Tarehe, namba ya gari, kilomita, picha nne za nati zenye alama mpya za spana. Nimeandika nilichoona siku ya klachi: saa niliyofika, saa niliyoondoka, kila kilichofunguliwa, kwamba fundi alikuwa kimya muda wote. Ni barua safi. Hata mhariri wangu asingepata pa kukata.

Kahiga akaisoma akiwa amesimama. "Hii ni barua ama ni kesi?"

Sheria yao: fundi akishtakiwa kubadilisha spea, sanduku lake la vyombo linafungiwa stoo mpaka kikao cha Jumamosi ya wiki inayofuata. Akipatikana na hatia, haingii tena. Na habari husafiri – Athi River, Ongata Rongai, Ngong, hakuna yadi itamchukua.

Sanduku limefungiwa kabla sijawasha gari. Ishmael aliomba ovaroli tu. Wakampa.

Jumatatu, 10 Machi

Ouma, mume wangu, amemwona Ishmael kwenye mjengo nyuma ya kanisa letu, anabeba mawe. Yeye huleta habari kama hizi wakati wa chai, akiangalia kikombe.

"Una uhakika aliiba?" akauliza.

"Asilimia tisini."

"Na ile kumi?"

Nimemwambia anywe chai.

Jumanne, 11 Machi

Kajiado. Kesi ya ardhi imeahirishwa, kwa hivyo nikapeleka gari kwa Koinet, anayetengeneza malori nyuma ya soko. Hamjui Ishmael. Nilihakikisha hilo kwanza.

"Takwenya!" akanisalimu Kimaasai.

"Iko," nikajibu, na moja kwa moja nikamwambia nataka kujua kama difu hii ni yangu.

Akacheka. "Mama, wengine huuliza hivyo juu ya watoto."

Akainua gari nyuma, magurudumu yote mawili hewani, gia huru. Akazungusha la kushoto kwa mkono. "Angalia la kulia." La kulia likazunguka upande uleule. Akarudia. Upande uleule. Difu ya kawaida, kasema, lile lingine huzunguka kinyume. Hii ni ya kushikana, na sahani zake bado zinashika vizuri.

Ni yangu.

Nikamwambia arudie mara ya tatu. Akarudia.

Kisha akafungua nati ya chini. Oili ikatoka nyeusi, na ilikuwa na siku kumi na mbili tu. Akaisugua kati ya vidole, akainusa. "Hii ni ya giaboksi. Nani alikufanyia hivi?"

Nikamuuliza tofauti ni nini.

Akanieleza polepole, kama ninavyowaeleza wanafunzi wa uandishi. Meno ya difu hayagongani tu, yanateleza moja juu ya lingine. Yanataka oili kali zaidi, iliyoandikwa GL-5. Ya giaboksi yangu imeandikwa GL-4. Hiyo ni ya kwanza. Ya pili, zile sahani za LSD zinataka dawa yake ndani ya oili. Bila dawa zinashikana na kuachia, zinashikana na kuachia – ndiyo ile ka-ka-ka.

Alikuwa na aina tatu dukani. Nimechagua 75W-90, GL-5, iliyoandikwa kwenye kopo kwamba ni ya LSD. Nimesoma maandishi mara tatu. "Soma polepole," kasema Koinet, "haitakimbia."

Kwenye sumaku ya nati kulikuwa na vumbi la chuma. Kidogo. Akaweka oili, akaniambia niende uwanjani nizunguke namba nane mara kumi ili iingie kwenye sahani. Mbuzi walinipisha. Mzunguko wa nane, kimya. Ya kumi, kimya kabisa.

Barabarani mvumo bado upo, kwa mbali. Meno yameliwa kidogo. Huo, kasema Koinet, utabaki nao.

Asilimia tisini!

Alhamisi, 13 Machi

Nimempigia Kahiga kuondoa barua. Haiondolewi. Imesomwa mbele ya wanachama. Aliyeandika aje asimame.

"Na kuna lingine, madam. Tuseme hakuiba. Basi ndiye aliweka oili mbaya. Fundi anayemwagia mteja kitu kibaya bila kumwonya, huyo tutamrudisha aje aharibu jina la yadi?"

Nimesema mimi ndiye niliyemwamuru.

"Kuamriwa si shida. Shida ni kama alikuonya."

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nikiwa ndani ya gari, hapa yadi. Kahiga amenipa dakika kumi.

Mafundi kama thelathini, wameketi kwenye tairi. Nilipoingia mmoja akaita, "Mpeni mwandishi stuli yake!" Wakacheka vizuri. Ishmael hakucheka. Shati jeupe, vidole vyenye simiti.

Nimesema yote. Difu ni yangu, haikuguswa. Oili nilileta mimi, kosa ni langu. Nilidhani imekwisha.

Kahiga akafungua barua yangu. Akasoma kwa sauti: "Fundi alikuwa kimya muda wote." Akaniangalia. "Bado unasema hivyo?"

Ishmael akasimama. Alinionya, akasema. Mara mbili. Alisema hii si ya difu. "Na wewe madam ukanifanyia hivi." Akapunga mkono, kama mtu anayefukuza nzi.

Nimefungua kumbukumbu za simu. Alhamisi, 27 Februari, saa tano na dakika arobaini na mbili hadi saa sita kasoro dakika mbili: Mwihaki, mhariri wangu. Dakika kumi na sita. Ndipo difu ilipotiwa oili. Nakumbuka uzi wa oili ukiingia kwenye tundu. Nakumbuka mdomo wa Ishmael – ulisogea? Nilikuwa naangalia. Sikuwa nasikiliza.

Lakini mtu anayetaka kazi yake irudi, angesema nini kingine? Na kwa nini hakusema haya Alhamisi ile nilipomuuliza? Sikumuuliza hilo. Nilimuuliza la wizi.

Macharia, anayefanya kazi ubavuni mwake, ameulizwa kama alisikia. "Mimi nilikuwa nakata chuma kwa grinda," kasema. "Ningesikia nini?"

Kwa hivyo imebaki neno langu. Wanataka karatasi, na sahihi. Sentensi nne za kwanza zimekuja bila shida. Ya tano nimeiandika mara mbili.

Ishmael alinionya.

Sikumbuki kama Ishmael alinionya.

Ya pili ndiyo kweli. Ya pili ndiyo inamfukuza.

Kahiga anapiga bati kuniita. Dakika zimeisha, na zote mbili bado ziko kwenye karatasi.