Feni Imenyamaza

Chumba cha michoro,
Alhamisi, tarehe 14 Agosti.

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko hotelini, zikukute mzima wa mwili na mwepesi wa roho. Ni mimi, Chiriku wako. Je, kile kikohozi cha vumbi la mbao kimekuachia? Mama ananiuliza kila jioni, tena kwa jicho la kunishuku, kana kwamba mimi ndiye niliyekificha. Sisi huku hatujambo. Goti la baba limepoa kidogo, ingawa bado anashuka ngazi kwa kulalamika. Mwanao ameng'oka jino la mbele na anamwonyesha pengo kila mteja anayeingia, hata wasiotaka kuliona. Wifi anakusalimu sana.

Najua utashangaa kuletewa barua na dereva wa lori la mbao. Nimejaribu simu. Kila nikianza kusema, unaniambia uko juu ya ngazi unapima ukuta, utanipigia, halafu hunipigii. Basi nimeona nikae niandike. Karatasi haikatiki katikati ya maneno.

Kama unavyojua, tangu Aprili kazi yangu imekuwa kaunta: kuandika risiti, kupokea simu, kuwaambia watu kwamba vitanda vyao bado vinakauka rangi. Ulipoondoka kwenda kwenye kazi ya hoteli, baba aliniambia nirudi chumba cha michoro, ila akasisitiza kwamba ni kwa muda tu, mpaka mwenye meza atakaporudi. Alisema bila ubaya wowote. Mwenye meza, yaani wewe.

Jumatatu alikuja mama mmoja, mwalimu, anayetaka makabati ya jikoni. Nikamkalisha, nikamfungulia mchoro, nikawa naugeuza aone upande wa sinki. Mchoro ukakwama. Ukaruka. Ukakwama tena. Feni nayo inanguruma kama mashine ya kusaga. Yule mama akaniuliza kwa upole kama na jiko lenyewe litakuwa linatetemeka hivyo. Fundi Patasi, aliyekuwa mlangoni na penseli yake sikioni, alicheka mpaka akashikilia fremu, akasema huyu binti akikuonyesha kabati, unaweza kwenda nyumbani ukapika, ukala, ukaosha vyombo, ukarudi ukakuta mlango wa kwanza ndiyo unafunguka. Nikacheka nao. Miezi hii nimejifunza kucheka nao.

Mteja alipoondoka niliingia stoo, maana nikiaibika huwa natafuta kitu cha kupanga. Huko nikakuta maboksi ya vifaa vya kompyuta zetu mbili. Unajua mimi situpi boksi. La vijiti vyangu vya RAM, yaani kumbukumbu ya mashine, na la vijiti vyako yalikuwa juu ya rafu moja, na yote mawili yameandikwa 3600. Sijui ni nini kilichonituma. Nikawasha mashine yangu, nikafungua lile dirisha linaloonyesha kompyuta inavyotumia nguvu zake, nikatafuta kasi ya RAM. Ilikuwa 2133. Nikadhani nimesoma vibaya. Nikaenda kuwasha ya kwako. 3600.

Nikampigia yule muuza vifaa aliyetuuzia. Hakushangaa hata kidogo. Alinieleza kwamba mashine mpya huanza na kasi ya chini kwa usalama, na aliyeiunda ndiye anayetakiwa kuingia kwenye mipangilio ya ndani, kabla kompyuta haijaamka vizuri, aiambie itumie kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Ni kuchagua mstari mmoja na kuhifadhi, akasema. Akaongeza kwamba kwa mashine kama zetu, zisizo na kadi ya picha, RAM ndiyo inayobeba picha, kwa hiyo kuiacha chini ni sawa na kununua gari ukalitembeza kwa gia ya pili mwaka mzima. Akataka kujua ni fundi gani aliyeniundia. Nikasema ni kaka yangu. Akasema ah, basi alisahau tu, ndugu hao.

Alisahau. Kaka, nililipenda neno hilo. Nilirudi nalo nyumbani, nikala nalo, nikalala nalo.

Jumanne asubuhi nikaingia kwenye mipangilio hiyo. Niliogopa, maana wewe mwenyewe ulinionya nisikanyage ukurasa ule, kwamba nikikosea namba moja nitaunguza ubao mzima wa kompyuta na baba hatanunua mwingine. Nikaiwasha, nikabonyeza kitufe cha Delete kinachoufungua.

Lakini kabla sijakwambia nilichokiona, nikukumbushe siku tulipoziunda. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 8 Februari. Nimeisoma tena kwenye shajara yangu, ile unayoiita faili la polisi. Mimi nilikuwa nakupa skrubu, wewe unazifunga. Ulianza na ya kwangu, ukasema wadogo kwanza. Nikakuomba feni isipige kelele, kwa sababu kelele hunipotezea hesabu za vipimo. Ukanicheka, ukasema Chiriku anataka kuimba peke yake chumbani. Kisha ukainama kwenye kioo cha mashine, ukabofya ukabofya, na kweli feni ikatulia. Nilikupigia makofi. Unakumbuka?

Ndipo baba akaingia kutuita chai. Akauona mchoro wangu wa kitanda chenye droo pande zote mbili, niliouchora kwa mkono na kuubandika ukutani. Akasimama kuutazama. Akasema mbele yako na mbele ya Patasi kwamba jicho la karakana hii amelipata, na kazi zikianza kuingia, meza ya michoro atanipa mimi, na wewe utanisaidia kupima. Patasi akakutania, akasema haya bwana mkubwa, jiandae kubeba futi kamba ya mdogo wako. Sote tulicheka. Wewe pia ulicheka. Nimeandika hivyo, nami nakumbuka meno yako. Tukatoka kwenda kunywa chai uani. Wewe ukasema unabaki kumalizia.

Niliporudi, feni ya mashine yangu ilikuwa inanguruma. Nilikuuliza. Ukasema ile ya taratibu ingeipasha mashine moto, nizoee tu. Nikazoea.

Sasa nikwambie nilichokiona Jumanne. Kwenye mipangilio ile kuna sehemu ya kuhifadhi mipangilio iliyokwisha kukamilika, ili fundi aweze kuirudisha akitaka. Kuna nafasi kadhaa, zote tupu isipokuwa moja. Hiyo moja imepewa jina, kwa herufi kubwa: CHIRIKU.

Hakuna mwingine duniani anayeniita hivyo.

Nikaichagua. Ikafunguka: kasi 3600, namba nyingine zote kama za mashine yako, na feni imewekwa taratibu, kama nilivyokuomba asubuhi ile. Nikahifadhi. Mashine ikajizima, ikawaka, ikanyamaza. Nikafungua mchoro wa yule mwalimu, nikaugeuza. Ukageuka kama mlango uliopakwa mafuta.

Kwa hiyo hukusahau, kaka. Ulinifanyia kila kitu, ukakihifadhi kwa jina la mapenzi, halafu chai ilipokuwa inamiminwa uani ukakaa peke yako ukakitoa. Ungesahau, ningecheka. Ungeniibia kijiti kimoja cha RAM, ningekuita mwizi na yangeisha, maana mwizi angalau huondoka na kitu mkononi. Wewe hukuchukua chochote. Uliniacha tu niwe mzito, ukakaa kwenye meza ya pili ukinitazama.

Na yale ya Aprili ndiyo yanayonisumbua zaidi. Siku baba alipolalamika kwamba michoro ya hoteli inachelewa, wewe ndiye uliyenitetea. Uliniwekea mkono begani mbele ya wote, ukamwambia baba asinilaumu, si kila mtu ameumbwa kwa kompyuta, mpe kaunta, ana mwandiko mzuri. Nilikushukuru. Jioni ile nilikupigia pasi shati lako. Nikiwa kaunta nilikuwa najiambia kwamba nina bahati, maana ndugu wa wengine huwa wanawacheka, wangu ananifunika aibu. Kumbe aibu yenyewe uliishona wewe kwa mkono wako.

Nimejiuliza sana kama ulikuwa ukisikia ile feni. Tulikuwa tumekaa chumba kimoja. Kila iliponguruma, ulikuwa ukiwaza nini?

Jana baba aliingia kuchukua risiti, akasimama katikati ya chumba, akauliza kama umeme umekatika. Nikamwambia umeme upo, ni feni imenyamaza. Nikamgeuzia jiko lote la mwalimu, kabati moja baada ya jingine, nikafungua na kufunga droo zote. Akavuta kiti chako, akakaa, akaniomba nimwonyeshe tena. Kisha akauliza ni nani aliyeitengeneza mashine. Nikamwambia lililo kweli: kwamba ni kaka, aliiandaa siku ile ile ya kwanza na kuihifadhi kwa jina langu.

Ungemwona alivyofurahi. Alitoka kwenda kumwambia Patasi kwamba mmoja wa wanawe ana moyo wa dhahabu. Patasi akavua kofia, akasema kumbe bwana mkubwa alimfichia mdogo wake zawadi. Mama naye anasimulia hivyo kwa majirani. Baba amepanga kwamba Jumatatu ukirudi, atawaita mafundi wote chumba cha michoro, uwaonyeshe ulivyoipanga, na uwaeleze kwa nini zawadi nzuri kama hiyo ilikaa bila kutumika tangu Februari, wakati mimi niko kaunta. Hilo la mwisho analiuliza kwa nia njema kabisa. Mimi sikumweleza zaidi. Nilisema sehemu niliyoijua. Sehemu iliyobaki ni yako.

Usinipigie simu, tafadhali. Meza siiombi kwako. Hiyo ataigawa baba akishasikia. Nimeshafuta lile jina kwenye mashine. Mipangilio ipo vile vile, ila haina jina tena.

Tumia dawa ya kikohozi, na usilale na dirisha wazi. Mama, baba, wifi na mwanao mwenye pengo wanakusalimu, na Patasi anasema ulete msasa laini ukiuona huko kwa bei ya maana. Safari njema ya kurudi. Jumatatu nitakuwa nimekaa mahali pangu pa kawaida, karibu na mashine yangu. Feni imenyamaza, kwa hiyo nitakusikia vizuri, hata ukisema kwa sauti ya chini.

Wasalamu,
mdogo wako.