Sauti ya Shangazi Haifunguki kwenye Simu za Watu

Mpendwa mshauri, shikamoo. Barua hii nimeiandika na kuifuta mara nne, na leo naituma hivi hivi kabla sijabadili mawazo, kwa sababu nimemkosea mtu anayeniamini, na yeye hajui, anadhani mwenye kosa ni yeye.

Mimi ni fundi sauti katika ukumbi wa mikutano. Kazi yangu ni maikrofoni, nyaya na spika, na sipendi kujisifu lakini masikio ninayo. Mtu akikohoa safu ya mwisho najua kakaa upande gani. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na mmoja hadi alipostaafu mwaka juzi, na baada ya kustaafu akanywea, akawa anapanga vyombo vilivyokwisha kupangwa na kuuliza leo ni siku gani, mpaka nikamwambia shangazi, haya unayowaeleza akina mama kwenye simu kila asubuhi kwa nini tusiyarekodi, tuanzishe podikasti, tuiweke kwenye tovuti yako mwenyewe, mzazi mpya popote alipo akusikilize. Alinicheka. Kesho yake akaja na daftari lenye vichwa vya vipindi kumi na viwili, cha kwanza kikiwa "Mtoto analia, tulia wewe kwanza."

Tulirekodi chumbani kwake, madirisha tumeyafunika mablanketi, na mshauri, sauti ya shangazi ni nzito, laini, ina mkwaruzo kidogo mwishoni mwa sentensi, ukiisikia unatamani ungekuwa mtoto mchanga. Nikasema sauti kama hii mimi siibani. Badala ya kuyageuza mafaili kuwa MP3 kama wafanyavyo wengine, nikayapandisha kama yalivyo, WAV, sauti nzima bila kupunguzwa hata chembe, kipindi cha nusu saa kikawa na megabaiti mia tatu, halafu nikatafuta pleya ya kupachika kwenye ukurasa nikachagua ile iliyonivuta macho, yenye mawimbi ya rangi tatu yanayocheza, ambayo ukifungua ukurasa tu inajianzisha bila kuguswa. Kwenye kompyuta ya kazini ilipendeza mno.

Mdogo wa mume wangu ni fundi simu, tunamwita Kioo kwa sababu ya vioo anavyobadilisha kutwa nzima. Aliifungua tovuti tukiwa mezani, akasubiri, akasubiri, akasema, "Shemeji, faili lako ni zito. Simu ninazotengeneza mimi zitakwama hapa. Weka MP3, na hiyo pleya itoe." Nikamjibu mbele ya mama mkwe, "Wewe baki na vioo vyako, masikio niachie mimi." Alimaliza kula akaondoka. Tangu siku ile ni salamu tu.

Kipindi cha kwanza kilifunguliwa na watu mia mbili na kumi, cha pili tisini, cha tano kumi na wanne. Ujumbe ukaanza kuingia. Mmoja anasema bando lake liliisha kabla shangazi hajamaliza kusalimia, mwingine anasema mawimbi anayaona lakini hasikii kitu, na mama mmoja, huyu ndiye aliyenichoma, aliandika kwamba alimbembeleza mwanawe saa nzima mpaka akalala, ndipo akafungua kipindi cha namna ya kumlaza mtoto, shangazi akafyatuka kwa sauti ya juu kabla yeye hajabonyeza chochote, mtoto akaamka. Ujumbe wote huo niliuficha. Shangazi aliponiuliza mbona watu wanapungua, nikamwambia mtandao una matatizo wiki hii, na wiki iliyofuata nikamwambia ni likizo, watu wamesafiri.

Jumapili iliyopita nilimkuta anaviringisha maikrofoni kwenye taulo. "Mwanangu, tusidanganyane," akaniambia. "Wazazi wa siku hizi wana wataalamu wao. Mimi nimepitwa. Jumamosi ijayo turekodi kipindi cha kuaga, kisha uchukue vifaa vyako." Alisema kwa upole, kana kwamba mimi ndiye wa kufarijiwa.

Nikisema ukweli nitaonekana mpumbavu, mimi niliyejidai mtaalamu, na Kioo atavunjika mbavu. Nikibadilisha mafaili kimyakimya nitakuwa nimeikatakata sauti ninayoipenda, na uongo utabaki palepale. Au nimwache tu apumzike, maana umri umekwenda? Anwani ya tovuti nimeiandika nyuma ya karatasi. Nishauri.

Fundi Masikio

*

Fundi Masikio, marahaba.

Kabla ya kukujibu nilifanya kile ulichopaswa kukifanya wewe tangu siku ya kwanza: nilifungua tovuti ya shangazi yako kwa simu ya kawaida, nikiwa kwenye foleni ya posta. Mawimbi yakacheza. Nikasogea, nikahudumiwa, nikachukua kifurushi changu, nikatoka nje. Shangazi hajasema neno. Nilijaribu tena ofisini kwenye intaneti ya nguvu, akaanza bila hodi, na mhasibu wetu akamwaga chai. Nilikusudia kusikiliza dakika mbili. Nilimaliza vipindi vitatu, mimi mwenye wajukuu, na bado nilijifunza jambo.

Mama huyu hajapitwa. Wewe umemfungia mlango, halafu ukamwacha aamini kwamba wageni hawakutaka kuja. Hilo la kusema umri umekwenda lifute kabisa, maana unatafuta mahali pa kujificha na umechagua nyuma ya mgongo wa mzee.

Najua hukufanya kwa ubaya. Unampenda shangazi yako kwa masikio yako, ndivyo ulivyoumbwa. Lakini msikilizaji wake ana mtoto begani, simu mkono mmoja, maji yanachemka jikoni, na spika ya simu yenyewe inakoroma. Hiyo chembe unayoogopa kuipunguza hataisikia maisha yake yote. Anayeongea ni mtu mmoja, si bendi nzima.

Basi fanya hivi. Mafaili yako ya WAV yahifadhi kwenye diski. Hizo ndizo nakala mama, hakuna atakayekunyang'anya. Kutokana na hizo toa MP3, mono, mkondo mmoja tu wa sauti, kilobiti sitini na nne kwa sekunde, na nusu saa yako itashuka mpaka megabaiti kumi na nne hivi. Najua unatamani kuniambia kuna fomati mpya zilizo bora zaidi. Zipo. Lakini MP3 inafunguka kwenye simu ya kila mtu, hata ile iliyofungwa kwa mpira isiachie betri. Pleya ya rangi tatu itoe leo. Kila kivinjari kina pleya yake ya kawaida. Tumia hiyo, yenye kitufe cha kuanza na mstari wa kurudisha nyuma, inatosha. Isijianzishe kamwe, na isivute faili mpaka mtu abonyeze mwenyewe. Chini yake weka kiungo cha kupakua, mwenye intaneti kazini achukue akasikilize nyumbani, na uandike pembeni uzito wa faili, mtu ajue anabeba nini. Kisha ijaribu kwenye simu mbovu. Mwenye simu mbovu unamjua.

Kwa Kioo nenda kwa miguu yako, usitume ujumbe. Ulimvunjia heshima mbele ya mama mkwe wako, kamwombe radhi mbele ya mama mkwe wako. Akicheka, mwache acheke, amesubiri vya kutosha.

Na shangazi umwambie kabla hujagusa faili hata moja. Nakufahamu: ukishatengeneza kwanza, utapata sababu ya kunyamaza. Usianze na megabaiti. Anza na "Shangazi, nilikudanganya," umsomee kila ujumbe uliouficha, halafu funga mdomo umsikilize. Masikio si unayo?

*

Wiki mbili baadaye Fundi Masikio alituandikia tena. Shangazi yake ameturuhusu kuchapa.

Mshauri, nilikwenda Alhamisi, nikamkuta anaanika nguo. Nikasema maneno yale, nikaanza kumsomea ujumbe mmoja baada ya mwingine. Alishika shati moja mkononi muda mrefu. Nilipofika kwa yule mtoto aliyeamka, alikaa kwenye ngazi akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akaniambia kwamba amenikasirikia na kicheko kile kisinidanganye. Na kweli, siku nzima hakupokea simu yangu. Kioo hakucheka hata dakika moja. Alisema, "Yameisha, shemeji," akatoa simu nne kuukuu kwenye droo yake, tukajaribu moja baada ya nyingine mpaka zote zikafungua.

Jumamosi nilifika kwa shangazi nikidhani tunarekodi kuaga. Akanipa simu yake. "Na mimi nina langu la kusema," akaniambia. "Hivyo vipindi sijawahi kuvisikia hata kimoja. Kila nikifungua, yale marangi yanacheza tu. Nikajua ni mimi nisiyejua kubonyeza, nikaona haya kukuuliza."

Nikamfungulia kipindi cha kwanza. Kikaanza palepale alipobonyeza. Alikisikiliza amesimama katikati ya chumba, simu sikioni kama aliyepigiwa na mtu wa mbali, asinitazame, dakika zote ishirini na nane. Kilipokwisha akavuta kiti, akakaa, akaweka miwani.

"Huyu mama anaongea haraka mno," akasema. "Washa mitambo yako. Tunarudia."