Mzee wa Darasa la Jumamosi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mguu umepona, na shemeji ameacha kukubeba kama gunia kila unapotaka kutoka nje. Mimi mwilini sijambo. Ya moyoni ndiyo yaliyonikalisha kitako nikuandikie.

Kazi ya maktaba imeongezeka. Mkuu wetu, tunayemwita Bi Shii kwa jinsi anavyonyamazisha watu, amenipa darasa la kusoma la watoto wadogo kila Jumamosi. Nilimwomba liwe la wazi: hakuna kujiandikisha, mtoto aje wakati autakao, aondoke akichoka. Usidhani ni rahisi. Anayeingia katikati hatakiwi kupotea, kwa hiyo nachagua hadithi fupi zinazojitegemea, na wageni wakifika tunaimba herufi moja kwa sauti ya mnyama, halafu tunaendelea. Nimeshona hata vikaragosi vya soksi. Mamba wangu anafanana na kiatu, lakini watoto wanamwogopa ipasavyo.

Sasa, mlango ulio wazi hauchagui mtu. Akaanza kuja mzee mmoja na kitoto cha kike cha miaka kama mitano. Wazazi wengine hutazama watoto wao, au simu zao. Huyu alinitazama mimi. Nikisoma, macho kwangu. Nikikunja mkeka, macho kwangu. Nikimsogelea, anamshika mtoto mkono na kutoka bila kuaga. Mwanzoni nilidhani ni mkaguzi. Baadaye nikawaza mabaya zaidi, maana sikuwahi kumsikia yule mtoto akimwita babu wala baba, na dunia ya leo unaijua. Nikamwomba mlinzi amwangalie kwa jicho la pembeni. Mlinzi akanijibu kwamba mzee alikwisha kumhoji yeye: ati mimi nimeolewa? Na mama yangu bado yu hai? Nikampelekea Bi Shii habari hiyo.

Bi Shii alishauri tumzuie mlangoni. Nikakataa, kwa sababu darasa la wazi likimfungia mmoja si la wazi tena. Na kusema kweli, nilitaka kumnasa kwa ujanja. Nikapanga Jumamosi ya hadithi za nyumbani: kila mtoto asimulie anayosimuliwa kwao, mimi niandike maneno yake ubaoni kwa herufi kubwa, kisha tuyasome pamoja. Mtoto hajui kuficha ya nyumbani kwao.

Zamu ya yule binti ilipofika, akasimama kifua mbele. Akasimulia juu ya fisi aliyemeza ngoma, ikawa kila akinyatia mbuzi wa watu, tumbo linamlilia kindu-kindu-pwaa! Watoto wakagaagaa kwa kicheko. Mimi chaki ilinianguka. Dada, hiyo ni hadithi yako. Ndiyo uliyonilaza nayo utoto wangu wote, ukaniapia kwamba umeitunga mwenyewe.

Nikamuuliza nani kamfundisha. Akanyoosha kidole. “Baba.”

Safari hii mzee hakukimbia. Akasema, kwa sauti ndogo mno, kwamba aliitunga zamani kwa ajili ya binti yake mkubwa, aliyekuwa hasinzii mpaka asikie “pwaa” ya mwisho. Akakutaja kwa lile jina la utotoni ambalo siku hizi mama peke yake hukuitia.

Mliniambia baba alikufa mimi nikiwa tumboni.

Sikulia mbele ya watoto. Niliandika F-I-S-I, wakasoma, nikawapigia makofi. Watu walipokwisha kuondoka akaniambia hana la kujitetea, aliondoka kwa miguu yake mwenyewe. Alitaka tu huyu mdogo ajue kwamba ana ndugu.

Nakiri kwako, dada: sikumfukuza. Nimemwambia amlete tena. Mtoto ana mwanya kama wako, na alinilalia mapajani kana kwamba tumezoeana.

Kwa hiyo mzee simshuku tena. Nakushuku wewe, na mama. Mlijua kwamba yu hai? Kama mlijua, mlikuwa mkinilinda mimi, au mkimwadhibu yeye? Nijibu wewe mwenyewe, usimpe mama kalamu.

Msalimie shemeji, na uwapige busu wanao. Mama msalimie pia. Mengine usimwambie kwanza.

Ni mimi mdogo wako, niliyedhani ni kitinda mimba.