Gari Yako Inavuta Kushoto, Baba Haji

Baba Haji,

Watu wa makaburini husalimiwa, basi nami nakusalimu: assalaamu alaykum, wewe na hao uliolala nao. Usishangae kuona mwandiko wangu. Skuli sikwenda, unajua, lakini herufi za chuo cha Kurani hazikunitoka, na hizo ndizo nnazokuandikia, kutoka kulia kwenda kushoto, mistari ikipanda na kushuka kama njia ya shamba. Sikuwahi kukuandikia barua. Hatukuwahi kuwa mbali kiasi hicho.

Nimo edani. Nimekaa chumba cha mbele, pazia limeshuka, sijipaki mafuta ya kunukia, sitii wanja, sitoki. Watoto wa siku hizi wananambia, "Bibi, kwa umri wako eda ya nini, nani atakuposa?" Nnawajibu, hakuna wa kuniposa, na mimi eda yangu ntakaa, na wewe unayecheka nenda kanitilie maji kwenye mtungi.

Hapa nyumbani wote wazima. Mchele tunapanga foleni kama ulivyotuacha. Sikushika kalamu kwa ajili ya mchele.

Gari yako inavuta kushoto.

Mpaka majuzi nilikuwa nnaisikia hapa nilipo. Haji akiingia mtaani, tairi ya kushoto ilisugua ukingo wa mtaro pale penye duka, halafu nilimsikia anaivuta irudi, anaguna. Mwanao ndiye mwenye kuiendesha tangu uondoke. Tungempa nani mwengine? Lakini wewe ulikuwa ukiibembeleza, yeye anaisukuma kama mtu anayegombana na punda.

Unakumbuka ilivyokuja? Mwaka wa mapinduzi, yule bwana uliyekuwa ukimwendesha alipopanda meli na wanawe, alikutia ufunguo mkononi akageuka. Tayari ilikuwa kizee, rangi imebabuka, ndogo hata Bi Mwanaidi jirani akatuuliza mbele za watu, "Hii mtaifuga nje au mtailaza ndani na kuku?" Ukacheka. Mimi sikucheka. Siku ya pili nikampita nimo ndani yake, mkono nimeutoa nje ya dirisha.

Miaka yote hiyo nilikaa kushoto kwako. Ikivuta upande, ulisimama ukaipiga tairi teke, ukasema, "Huyu ana njaa ya upepo." Usukani ukiwa mzito kama jiwe la kusagia, ulitafuta grisi. Ikitetemeka tukipita Tunguu mpaka meno yangu yanagongana, ulipunguza mwendo ukanambia gurudumu moja halina mizani, nisiogope. Yote hayo uliyasema. Lakini ile kok, kok, tukikata kona, ile hukuisemea hata siku moja. Tukifika nyumbani unalala chini ya gari na spana, unatoka na grisi mpaka kwenye ndevu, na kwa muda gari inatulia. Nikikuuliza ulifanya nini huko, unasema, "Mama Haji, nipe maji nioge."

Sasa nakuuliza tena. Ulifanya nini huko chini? Maana sauti ile imerudi. Mimi nnaijua sauti, dawa yake siijui. Ulikwenda nayo. Mtu unakaa na mume maisha mazima, unajua anavyokohoa, unajua chumvi anayoitaka, na hili hukulijua. Nilikuwa nnakupa maji.

Halafu kile kitambaa. Pindo la kanga yangu, ile nyekundu uliyoninunulia Idi, ilipochakaa ulichana kipande ukakifunga kwenye usukani. Nilidhani mapenzi. Ukanambia mapenzi pia, lakini usukani huu umekaa kombo, kitambaa kikiwa juu ndipo gari inakwenda sawa, kikiwa pembeni ujue unaelekea mtaroni. Siku ya hitima yako Haji akaiosha gari, kwa heshima yako. Akaisugua ndani na nje, na kile kitambaa kilichogeuka cheusi kwa jasho lako akakikata kwa kisu akakifanya cha kupangusia mafuta. Nilikiona jioni, mikononi mwake, nikashindwa hata kumgombeza. Utamgombezaje mtu aliyekuwa akimuoshea baba yake gari huku analia?

Basi tangu hapo anauelekeza usukani kwa macho, na macho yanaona umekaa kombo, anaunyoosha, na gari inakwenda kombo.

Akaipeleka kwa fundi mmoja huko Amani. Kijana ana maneno mengi. Akasema usukani umelegea, unazungusha robo nzima magurudumu bado yamelala. Kweli, umelegea, nani asiyejua. Akafungua boneti akakaza skrubu ya juu kwenye boksi ya usukani, akakaza, akakaza. Gari ikarudi nzito. Ukikata kona usukani haurudi wenyewe, mpaka uurudishe kwa nguvu. Na kok, kok, ipo pale pale. Basi alikaza pasipolegea, akapaacha palipolegea. Nikamwambia Haji nyuma ya pazia, "Mwanangu, baba yako hakuwa akifungua juu, alikuwa akiingia chini." Akanambia, "Mama, kaa eda yako. Magari umeyajulia wapi?"

Nimeyajulia kushoto kwako. Lakini hilo si jibu la kumpa mwanamme mwenye funguo mkononi.

Ningeyaacha yote hayo, Baba Haji. Gari ni chuma. Ila Asha wetu, mjukuu wako, huko Jambiani kwa mumewe, mimba ya kwanza. Wajua kwetu, mimba ya kwanza mtoto hurudi kwao ajifungue mikononi mwa mamake. Alikuwa arejee mapema, msiba wako ukatuchelewesha sote, tukastuka miezi imekwenda. Haji akasema anakwenda kumchukua kwa gari. Gari hiyo. Njia ile ya mawe kuanzia Kitogani, na mtoto wa watu amejaa hivi, amekaa mahali pangu.

Nikasema usende. Akasema nnakwenda. Nikasema subiri gari ya shamba, ile ya mbao, inabeba watu na nazi na inafika. Akasema mwanangu hatabanana na matenga ya samaki wakati babu yake ameacha gari. Kwa jina lako, unaona. Kila neno lake ni kwa jina lako. Nikarudi kwenye mswala, nikakaa. Nikamsikia anatoka mlangoni, anamwambia mkewe watarudi alasiri.

Kisha akaitia moto, akaizungusha itazame barabara, na nikaisikia. Kok.

Nilitoka.

Nnakwambia wewe kabla hujasikia kwa wengine, maana mtaa mzima umeshasema. Nilijitupia buibui juu ya nguo za eda, nikavuka kizingiti, nikapita mbele ya baraza la wanaume bila ya kumtazama mtu, nikafungua mlango wa kushoto nikakaa. Mahali pangu. Haji akabaki ameshika usukani. "Mama, unafanya nini? Mama, watu." Nikamwambia, "Watu nawaona. Haya, twende Jambiani." Akajua hawezi. Atapita vipi mjini na mamake aliye edani ndani ya gari? Atawasalimia nani njiani? Bi Mwanaidi akaja mbio, akainama dirishani, akaninong'oneza, "Jirani, teremka, usituvunjie heshima." Nikamwambia heshima itaungwa, Asha akivunjika haungwi.

Nikaunyoosha mkono nikaushika usukani. Mara ya kwanza katika maisha yangu. Nikauzungusha kidogo kwangu, kidogo kwake. Mzito, halafu mwepesi ghafla, kama unapapasa meno usiku ukakuta moja limeng'oka mzizi. Haji akautazama mkono wangu. Akauzima moto.

Basi. Nikateremka, nikarudi ndani.

Haji alitafuta jeki, akaingia chini kwa hasira, anionyeshe kwamba nimekuwa mwendawazimu. Nilichungulia pembeni ya pazia. Miguu yake ilikuwa nje, kama yako. Alikaa huko kitambo. Alipotoka grisi imemfika kwenye ndevu. Akanawa. Akatafuta mawe manne makubwa, akaiegesha gari juu yake. Hakunambia alichokiona, nami sikumuuliza. Niliwahi kuuliza wanaume wa nyumba hii, najua jibu. Nilimpa maji.

Yule fundi wa Amani alikuja baadaye, safari hii hana maneno. Akasema ni kile kichwa cha chuma kinachoungana na gurudumu, kimelika, na kisiwani hakipo. Kiagizwe, kingojewe meli. Meli ipi, hakusema.

Lakini ungoje, sijamaliza. Haji alipanda gari ya shamba siku ya pili. Alipofika Jambiani, Asha alikwishazaa. Alfajiri ile, mikononi mwa mkunga wa kule, mamake hayupo, mimi sipo. Mtoto mwanamke, mzima, ana kelele. Asha alitoka damu nyingi. Yu hai, alhamdulillahi, lakini Haji anasema amekuwa mweupe, akikaa hupata kizunguzungu, na aliponiulizia alilia.

Sasa nakuuliza wewe mwenye macho ya huko. Gari ingekwenda siku ile, angejifungulia hapa, mamake ubavuni, hospitali karibu? Au wangebaki mtaroni pale Kitogani, wote wawili, watatu na mtoto? Nnalala na swali hili naamka nalo. Haji hanilaumu. Ananisalimia asubuhi, "Shikamoo mama," nami, "Marahaba," kisha anakaa kwenye ngazi anaitazama gari juu ya mawe. Bora angenilaumu. Ningempa majibu yake.

Asha yumo arubaini ya uzazi kule, hatoki. Mimi nimo edani huku, sitoki. Gari iko katikati yetu, nayo haitoki. Bi Mwanaidi alikuja jana na bakuli la pilipili manga ya uji wa mzazi, apelekewe Asha, akanikuta nimesogea dirishani. Akanambia, "Unangoja mume au unangoja gari?" Nikamwambia vilikuwa vikija pamoja. Akaweka bakuli chini akakaa nami, hakutania tena.

Kile kitambaa nimekipata. Kilikuwa kwenye kopo la misumari, kimeganda mafuta. Nimekifua kwa sabuni ya kipande, nimekirudia na kurudia. Jasho lako limetoka, nimesikitika, wekundu umebaki kidogo kwenye pindo. Nimekianika hapa ndani kwenye kamba, nnakitazama sasa hivi.

Nilitaka nikufungie usukanini leo. Lakini sijui pa kukifunga. Pale penye alama ya zamani Haji alipasugua pakang'ara, na mikono iliyokuwa ikipajua iko huko uliko.

Basi nakuahidi hivi. Eda ikisha na kile chuma kikija, kije na meli yoyote, Haji atakifunga, ataingia chini yeye mwenyewe, nami ntasimama pale miguuni kwake aniambie anafanya nini, kila anachokigusa, sitampa maji mpaka aseme. Kisha nitakaa mahali pangu kushoto. Nitawaambia wanaume wa barazani waisukume polepole, Haji ameshika usukani, moto umezimwa, mpaka mwisho wa mtaa pale pamenyooka. Itakapokwenda sawa, isiguse mtaro huku wala huku, hapo hapo nitaushika usukani nitazame juu yake ni wapi. Hapo ndipo nitakapokifunga. Halafu tutakwenda Jambiani kumchukua mtoto wetu.

Lala, baba. Usitungojee mapema, tutakwenda mwendo wako.

Mimi,
Mama Haji